Meza Iliyovuka Mstari wa Njano

Mpelelezi aliingia karakana kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, maana alitaka kuiona mashine kabla wenye mashine hawajamwona yeye. Kituoni walimwita Rula, naye aliitika. Hakutoka nyumbani bila rula ya chuma ya sentimita thelathini katika mfuko wa ndani wa koti. Wenzake walimtania kwamba hata siku ya kwenda kuposa alipima kwanza upana wa mlango wa wakwe, ajue kama ataweza kutoka haraka.

Ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi. Mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kwake saa kumi jioni, na alishasema litakuwa na jina la nani kama Rula hatamletea jingine.

Mashine ilikuwa mwisho wa jengo, imekaa karibu na nguzo ya zege kwa sababu karakana ilikuwa finyu. Ilikuwa mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta: juu kichwa kilichoshika kisu, na chini yake meza nzito ya chuma iliyoteleza kushoto na kulia kwa amri ya vitufe. Upande wa kulia, kati ya ncha ya meza na nguzo, sakafuni palipakwa mstari wa njano. Kila mfanyakazi alijua maana yake. Ukisimama kati ya mstari na nguzo, meza haikufikii, imewekewa kikomo. Juzi, saa nne na nusu asubuhi, meza iliuvuka mstari. Fundi wa mashine hiyo alibanwa kifua kwenye nguzo, akafa kabla gari la wagonjwa halijapinda kona.

Aliyewekwa ndani ni fundi umeme wa karakana, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye wote walimwita Dada Nyaya. Siku moja kabla ya kifo alibadilisha betri ya kumbukumbu ya mashine, mipangilio yote ikafutika, naye akaiandika upya kwa mkono wake, namba baada ya namba. Msimamizi wa karakana alimnyooshea kidole mbele ya maiti, akasema huyu amekosea namba, ameua. Na neno la msimamizi lilikuwa zito mara mbili, kwa kuwa marehemu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Askari aliyewekwa kulinda mashine alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Aliripoti kuwa hakuna kilichoguswa na skrini bado inawaka, kama alivyoagizwa. Akaongeza kwamba msimamizi amekuja mara mbili kutaka mashine izimwe. Mara ya kwanza alisema anaokoa umeme. Mara ya pili alisema taa ile inamtonesha kidonda.

Rula aliandika sababu zote mbili, moja chini ya nyingine.

Alianza na mfagizi, mama mtu mzima mwenye ufagio mrefu na ulimi usio mfupi. Alimkuta akikusanya chenga za chuma kwenye toroli, akamsaidia kuinua upande mmoja, na hapo mama akaona huyu anaweza kuambiwa. Alimweleza kuwa msimamizi wanamwita Bwana Dakika, kwa sababu anahesabu hata dakika za mtu kwenda msalani. Lakini kwa mdogo wake, alisema, alikuwa baba. Alimlea tangu ana miaka tisa, akamfundisha kazi, akampa hata ovaroli yake ya kwanza, wakapunguza miguu kwa mkasi.

Rula alimuuliza kuhusu siku yenyewe. Mama alikumbuka vizuri. Umeme ulikatika saa nne na dakika kumi. Uliporudi, Dada Nyaya alikwenda nje kwenye chumba cha swichi kuu, kuwasha mashine moja baada ya nyingine zisishtuke zote kwa pamoja. Mama mwenyewe alimshikia tochi, kwa kuwa taa ya chumba kile imekufa na hakuna wa kuizika. Wote wawili walikuwa huko waliposikia ukelele.

"Na umeme ukirudi, mafundi hufanya nini?"

"Huisemesha mashine," mama alisema. "Wanasema, haya, tuidanganye. Kila ukikatika. Mimi nilidhani ni utani wao wa kiume, sikuuliza."

"Tangu lini?"

Mama aliegemea ufagio, akahesabu. "Wiki tatu. Tangu Dada Nyaya aitie kufuli."

Saa nne Dada Nyaya aliletwa kutoka kituoni akiwa na pingu. Mama yake alikuwa ameshinda kwenye benchi la kituo tangu alfajiri na chupa ya chai ambayo hairuhusiwi kuingia, na mwanawe alitoka na jicho jekundu lakini sauti yake ilikuwa imara. Alisimama mbele ya mashine kama mtu anayetazama mbwa wake aliyeng'ata jirani.

Rula hakumuuliza kama ana hatia. Alitoa kwenye jalada karatasi ya mipaka, ile ambayo Dada Nyaya alinakili namba kutoka kwake. Kisha akamwomba askari abonyeze vitufe kwa kuelekezwa na mtuhumiwa, mpaka skrini ionyeshe mipaka iliyomo ndani ya mashine. Kwenye karatasi, kikomo cha meza upande wa kulia kiliandikwa milimita mia sita. Kwenye skrini, mia sita. Namba nyingine pia zililingana, hadi ya mwisho.

Kwa hiyo hakukuwa na namba iliyokosewa. Shtaka lote lilisimama juu ya mguu mmoja, na mguu huo haukuwepo.

"Sasa meza ilivukaje?" aliuliza Rula.

"Haikuvuka, afande. Kwa hesabu yake yenyewe ilikuwa bado ndani ya mpaka."

Alimweleza polepole, kama anavyowaeleza mafundi wapya. Mashine ikizimika husahau iko wapi. Ikiwaka ni kama mtu aliyeamshwa gizani katika chumba cha wageni: hajui kitanda kiko wapi wala mlango uko wapi, na akianza kukimbia atajiumiza au ataumiza mtu. Lazima kwanza aguse ukuta. Ukuta wa mashine wao wanauita nyumbani. Kwanza kichwa hupanda juu kabisa, ili kisu kitoke ndani ya kazi. Kisha meza husogea taratibu kwenda kushoto, mpaka sensa, kijicho cha umeme kilichoko nyuma, kione kipande cha chuma kilichofungwa kwenye meza. Meza husimama, hujitenga kidogo, halafu husogea tena kwa kunyata, na sensa huona mara ya pili. Hapo ndipo mashine huandika sifuri.

"Mipaka yote inahesabiwa kutoka kwenye sifuri hiyo," alisema. "Sifuri ikiwa ya uongo, mipaka yote ni ya uongo, hata kama namba zake ni za kweli."

"Na kufuli ni nini?"

Aliinamisha kichwa. Wiki tatu zilizopita aliona mafundi wakiendelea na kazi baada ya umeme kukatika, bila kuipeleka mashine nyumbani. Akaiwekea sharti: haitatii amri yoyote ya kukimbia mpaka ifike nyumbani kwanza. Bwana Dakika alimfokea kwa ajili ya hilo. Miaka ya nyuma alipoteza kazi kubwa kwa sababu chenga ilinasa kwenye sensa, sifuri ikahama, na tangu hapo akaamini, na kuwaaminisha wengine, kwamba meza ikipelekwa nyumbani katikati ya kazi, kazi imepotea.

"Ni kweli inapotea?"

"Si kweli. Ukisafisha sensa, kisu kinarudi palepale. Nimewaambia mpaka nimechoka."

Rula alitoa futi ndefu ya kukunja. Dada Nyaya alimwonyesha alama mbili zilizochanjwa kwa msumari, moja kwenye ukingo wa meza na moja kwenye mwili wa mashine. Meza ikiwa nyumbani kweli, alama hizo hukutana. Sasa zilikuwa mbali. Rula alipima, askari akapima, na Dada Nyaya akatazama: milimita mia nane na sitini. Kisha Rula akasoma kwenye skrini nafasi ya meza, ambayo haikuwa imebadilika tangu kitufe chekundu cha dharura kibonyezwe. Mashine iliamini iko mia nne themanini na tano.

Alitoa moja katika nyingine kwenye ukingo wa daftari. Tofauti ilikuwa mia tatu sabini na tano. Mashine ilikuwa imeandika sifuri mahali pasipo nyumbani, mbali kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni.

"Umeme ulipokatika, kisu kilikuwa wapi?" aliuliza.

Kwenye meza, kikiwa kimebanwa katika jiriwa, bado kulikuwa na kipande cha chuma kilichochongwa nusu. Mtaro uliokuwa ukichongwa uliishia ghafla, na mwishoni palikuwa na duara linalong'aa, pale kisu kiliposugua mahali pamoja kikizunguka kwa pumzi yake ya mwisho. Dada Nyaya alipima kutoka kwenye duara na kukokotoa. Wakati umeme unakatika meza ilikuwa milimita mia tatu sabini na nane kutoka nyumbani.

"Tofauti ni milimita tatu," alisema Rula. "Tatu hizo zimekwenda wapi?"

Dada Nyaya aligeuka kutazama nyuma ya mashine. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wameishikia chuma."

Aliomba kuonyesha badala ya kueleza. Rula alipiga picha skrini, alama na duara, wakatia saini watu watatu, ndipo akakubali. Sensa ilikuwa nyuma, upande wa nguzo, chini ya kifuniko cha bati ambacho skrubu zake zilikuwa zimelegea na kung'aa kwa kufunguliwa mara nyingi. Ni kijipande cheusi, kama kizibo cha chupa. Chuma chochote kikipita mbele yake, taa yake nyekundu huwaka. Rula alisogeza rula yake. Taa ikawaka. Akaiondoa. Ikazima.

Alitaka kusimama palepale aishike, naye Dada Nyaya abonyeze vitufe kwa maelekezo yake mwenyewe. Dada Nyaya alirudisha mikono yake yenye pingu kifuani.

"Sibonyezi mtu akiwa huko."

"Mashine itakwenda taratibu tu, umesema."

"Afande, hata kama ungekuwa baba yangu. Ukiwa nyuma ya mstari huo, mimi sibonyezi. Nirudishe ndani."

Rula akatoka nyuma ya mstari. Wakaifunga rula kwa kamba, wakaipitisha juu ya bomba lililokuwa darini, na Rula akaishika kamba kutoka mbali kama mvuvi asiye na ziwa. Dada Nyaya alikagua sakafu pande zote, akamwambia mama mfagizi asogeze toroli, ndipo akabonyeza. Kichwa kilipanda juu. Meza ikaanza kunyata kushoto. Rula akashusha rula mbele ya sensa, taa ikawaka, meza ikasimama. Akaipandisha. Meza ikajitenga kidogo, ikanyata tena. Akashusha mara ya pili. Skrini ikaandika sifuri, ikatulia, kama mtoto aliyeambiwa tumefika na akaamini.

Walipima. Meza ilikuwa imesogea milimita tatu.

Mama mfagizi akasema, "Kumbe ndiyo kuidanganya," akarudi kwenye ufagio wake.

Rula alifungua orodha ya vitu vilivyokutwa. Katika mkono wa kulia wa marehemu kulikuwa na spana moja, namba kumi na tisa. Msimamizi alieleza siku ile kuwa mdogo wake alikwenda nyuma kukaza bomba la maji ya kupozea, na maelezo hayo yakapita bila kupimwa. Rula alimtuma askari alete spana hiyo kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, wakaizungusha nyuma yote ya mashine. Nati za bomba zilikuwa namba kumi na nne. Za kifuniko zilikuwa skrubu. Hapakuwa na nati hata moja ya namba kumi na tisa. Marehemu hakuwa amebeba spana kwa ajili ya kukaza. Alibeba chuma.

Sasa alijua kwa nini marehemu alisimama pale. Kilichobaki ni mtu wa pili. Kutoka kwenye sensa hadi kwenye vitufe ni hatua nne, na mashine nzima iko katikati. Rula alijaribu kunyoosha mikono, askari akajaribu, naye alikuwa mrefu kama ngazi. Mtu mmoja hawezi kushika chuma kule na kubonyeza huku.

Bwana Dakika alikwishaandika kuwa wakati huo alikuwa ofisini juu, akisubiri simu. Rula aliyasoma maelezo yale tena akiwa amesimama. *Nilisikia ukelele, nikashuka mbio, nikabonyeza kitufe chekundu.* Alisoma mstari huo mara tatu. Kisha akamuuliza Dada Nyaya meza hukimbia kwa kasi gani ikipewa amri ya kwenda mahali, si kuchonga.

"Sentimita ishirini kwa sekunde."

"Na amri ya mwisho ilikuwa ipi?"

Ilikuwa kwenye picha ya skrini. Baada ya kuandika sifuri ya uongo, mtu alibonyeza kitufe kinachopeleka meza kwenye nafasi ya kupimia kazi, kulia, milimita mia tano na sitini. Siku ambayo sifuri ni ya kweli, meza ikifika hapo huwa bado haijaugusa mstari wa njano. Juzi ilielekea karibu kabisa na nguzo. Kitufe chekundu kiliisimamisha ikiwa imebakiza milimita sabini na tano.

Rula aligawanya mwenyewe, akamrudishia Dada Nyaya daftari akague. Safari nzima, kama isingezuiwa, ilikuwa sekunde mbili na nukta nane. Ilizuiwa kwenye sekunde ya pili na nukta nne.

Alipanda ngazi za ofisi akihesabu. Zilikuwa kumi na nne, na kona moja. Akamwambia askari, ambaye alicheza mpira wa timu ya kituo, ashuke mbio kutoka kwenye kiti cha msimamizi hadi kwenye kitufe chekundu, asijali kuvunja shingo. Alimpima kwa saa. Sekunde tisa. Akarudia. Sekunde nane na nusu, na kofia ilidondoka njiani.

Bwana Dakika aliingia ofisini saa nane na robo, akitoka kwa mama yake, ambako walikuwa wanapokea watu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, amevaa saa upande wa ndani wa mkono ili aisome bila kuacha kazi. Alikaa, akauliza kama yule mwanamke ameshafikishwa mahakamani. Rula alisema bado. Alimpa pole tena, kwa unyenyekevu, kisha akamweleza walichokikuta kwenye sensa.

Bwana Dakika alisikiliza akitazama dirishani. Aliposikia neno kudanganya, alikubali haraka kuliko Rula alivyotazamia. Alisema vijana wana mambo, wanafanya nyuma ya mgongo wake, na mdogo wake, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wao. Inaonekana alijifanyia mwenyewe.

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Kuna hatua nne, kaka. Mdogo wako hakuwa na mikono ya mita tatu."

Bwana Dakika alisema labda alikuwa na mwenzake. Labda fundi yule yule wa umeme. Rula alimweleza kuwa fundi umeme alikuwa chumba cha swichi kuu, na aliyemshikia tochi yuko tayari kusema. Kisha akageuza ukurasa, kana kwamba jambo hilo limekwisha.

"Kuna kitu kimoja tu nataka nikiandike sawasawa. Kitufe chekundu alibonyeza nani?"

"Mimi. Nimesema tangu juzi."

"Hakuna mwingine aliyewahi kabla yako? Watu walikuwa wamechanganyikiwa."

"Hakuna." Sauti ilipanda. "Nilibonyeza mimi, kwa mkono huu. Hata mama nimemwambia. Nimemwambia, mama, nilijaribu."

"Nakuamini," alisema Rula. "Ndiyo shida yenyewe."

Aliweka daftari katikati ya meza na kuligeuza ili lisomeke. Akaonyesha kwa rula, mstari kwa mstari. Meza ilisimama kabla ya kutimiza sekunde mbili na nusu tangu ianze kusogea. Kutoka kwenye kiti hiki mpaka kwenye kitufe, kijana anayecheza mpira anatumia karibu sekunde tisa. Mtu aliyesikia ukelele akiwa huku juu angekuta meza imeshamaliza safari, imetulia milimita sabini na tano mbele zaidi. Aliyebonyeza alikuwa amesimama kwenye vitufe tangu mwanzo, na mkono wake ulikwenda kwenye kile chekundu kwa kasi ya mtu anayemwona anayempenda.

"Ungechelewa kidogo, kaka, ningeamini ulikuwa huku juu."

Bwana Dakika alilivuta daftari. Alipima zile namba kwa midomo, bila sauti, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake akitafuta kosa. Hakulipata.

Alipoanza kusema, alisema bila kusimama, na Rula hakuandika mpaka mwisho. Kazi ile iliahidiwa mteja siku hiyo hiyo. Umeme ulikuwa umeshakula dakika ishirini. Mdogo wake alisema afadhali waipeleke mashine nyumbani kweli, kama Dada Nyaya alivyofundisha, wasafishe sensa, wasubiri. Yeye akamjibu kuwa hakumlea mtu mzima ili afundishwe kazi na mwanafunzi wa jana. Basi mdogo wake akachukua spana ya kwanza iliyokuwa karibu, akaenda nyuma. Chuma kilishikwa mara mbili, sifuri ikaandikwa. Kutoka kwenye vitufe alimwona mdogo wake akiinuka, akadhani anatoka. Akabonyeza nafasi ya kupimia. Mdogo wake alikuwa amerudi kufunga kifuniko cha bati, kwa sababu hakupenda kuacha kitu wazi. Na alisimama nyuma ya mstari wa njano, mahali ambapo kaka yake mwenyewe alimwambia hapana hatari.

Alisema kuwa alimtaja Dada Nyaya kabla hajajua anasema nini, na baada ya kurudia mbele ya mama yake, hakuona njia ya kurudi.

"Mama ananiuliza kila saa," alisema. "Anauliza kama alisema neno lolote la mwisho. Namwambia hakusema."

Rula aliweka rula yake chini.

"Alisema, kaka, bado."

Nje, mama mfagizi alikuwa akisukuma toroli, na gurudumu moja lililia njia nzima mpaka mlangoni. Rula alimsogezea Bwana Dakika karatasi na kalamu. Alimwambia aandike yote mwenyewe, kwa mwandiko wake, na kwamba atampeleka kwa mama yake kwanza kabla ya kituoni, na atasimama mlangoni, hataingia. Aliandika kurasa mbili. Mara moja tu aliinua kichwa.

"Kazi ingepotea," alisema. "Tungeipeleka nyumbani, kazi ingepotea."

Rula alitoka juu ya ngazi, akamwagiza askari afungue pingu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Dada Nyaya alisugua vifundo vya mikono, hakushukuru wala hakulalamika. Aliuliza kama anaruhusiwa kuizima mashine, kwa kuwa haipendezi kuiacha hivyo. Rula alimwomba, kabla ya kuizima, aipeleke nyumbani kwa njia yake, kisha airudishe kwenye kazi.

Bwana Dakika aliteremka nyuma yake, akasimama kwenye ngazi ya mwisho.

Dada Nyaya alizunguka mashine nzima. Alifuta sensa kwa kitambaa, akafunga kifuniko kwa skrubu zote, akatazama sakafuni nyuma ya mstari wa njano, akatazama tena, ndipo akarudi mbele na kubonyeza. Kichwa kilipanda. Meza ilikwenda kushoto taratibu, safari yake yote, ikagusa, ikajitenga, ikanyata, ikagusa. Alama mbili za msumari zikakutana. Rula aliweka rula yake juu yazo, na ukucha haukupata pa kuingia. Kisha Dada Nyaya akaiamuru irudi kwenye kazi. Kichwa kilishuka polepole, na kisu kikaingia ndani ya mtaro kwenye lile duara linalong'aa, bila kugusa kuta zake.

Bwana Dakika alikitazama kisu kile mpaka mashine iliponyamaza.

"Imechukua muda gani?" aliuliza.

Rula alitazama saa yake.

"Dakika moja na sekunde arobaini."